Uzi: Kabla hujashika racheti, tazama kichwa cha bolti (mafundi wa boti, gari na pikipiki, tujadili soketi)

#1 Chumvi na Chuma (Lamu, Langoni)

Assalam alaykum wadau, na hamjambo nyote mnaopita hapa.

Jumatatu iliyopita niliteremshiwa gatini mashine ya boti, Yamaha 40, kutoka Kizingitini. Shida yake ilikuwa ndogo: maji ya kupoza yanatoka kwa uchache na mashine inapata moto. Hiyo ni kazi ya saa moja. Unafungua kifuniko cha thamostati (valvu inayoongoza maji ya kupoza), unasafisha chumvi iliyoganda, unatia gaskiti mpya, unafunga. Nilipoinua kofia ya mashine nikakuta bolti mbili za kile kifuniko hazina pembe tena. Zimekuwa duara na zinang'aa kama sarafu iliyokaa mfukoni miaka, na pembeni yake kuna unga mweupe wa alumini iliyoliwa na chumvi. Kijana wa botini alikuwa ameshajaribu mwenyewe. Nikamwomba anionyeshe soketi aliyotumia, akanitolea nambari 10 ya pembe kumi na mbili, ya mkono wa nusu inchi (huo ni upana wa mraba unaoingia kwenye soketi), mdomo umeshatanuka.

Sikumlaumu, kwa sababu ndivyo tunavyouziwa. Lakini ile saa moja ikawa siku mbili. Bolti moja ilikatikia ndani, nikaitoboa kwa drili na kupiga tapu upya (kukata tena njia za bolti), na mwenye boti akakosa safari mbili katika siku za matlai, bahari shwari, wenzake wakirudi na samaki. Hii ni mashine ya tatu mwaka huu kuniletea hadithi ileile, ndiyo nikaona nifungue uzi.

Ninalotaka kusema ni hili: bolti zetu za pwani haziharibiwi na kutu peke yake. Kutu inaikaza bolti, kisha soketi isiyo yake ndiyo inayoila pembe. Kutu tutaishi nayo, lakini soketi tunaichagua wenyewe.

Chukua soketi mbili za nambari moja, moja ya pembe sita na nyingine ya pembe kumi na mbili, uzitazame ndani kwenye mwanga. Ile ya sita ina kuta pana, na ukiivisha kwenye kichwa cha bolti ukuta unakutana na ubavu. Ile ya kumi na mbili ina vijipembe vingi, kwa hiyo inakamata karibu na ncha ya pembe tu. Bolti ikiwa mpya na safi hutaona tofauti. Ikiwa chumvi imeshaila ile ncha hata kwa nusu milimita, ya kumi na mbili haina tena pa kushika. Inateleza, na kila ikiteleza inachonga kidogo.

Basi kwa nini pembe kumi na mbili zikatengenezwa? Kwa sababu inaingia kila nyuzi 30, ilhali ya sita inaingia kila nyuzi 60. Kwa spana ya ringi hilo ni jambo kubwa, kwani ukiwa umebanwa nyuma ya injini huna nafasi ya kuzungusha mkono, na ringi lazima uitoe na kuirudisha kila mara. Soketi iko juu ya racheti, ule mkono wa kuizungushia. Racheti inarudi nyuma kwa meno yake yenyewe, wala huitoi soketi kichwani. Faida ile kwenye soketi inakuwa ndogo sana, na hasara inabaki palepale. Mimi ringi zangu ni za kumi na mbili, soketi zangu zote za kazi ya kila siku ni za sita.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka mzee mmoja wa karakana aliponishika mkono akanionyesha. Tazama mdomo wa soketi yako. Soketi nyingi zimekatwa mshazari mdomoni ili ziingie kwa urahisi. Ule mshazari haushiki kitu. Sasa bolti nyingi za mashine za boti zina kichwa kifupi chenye kitako kipana kama sahani. Kichwa chenyewe kina milimita nne au tano za kushikwa, na ule mshazari unakula moja au mbili kati ya hizo. Yule mzee alikuwa na soketi yake ya 10 na ya 12 alizozisaga mdomo kwenye jiwe la umeme mpaka zikawa bapa. Zinakaa mpaka chini kabisa. Tangu siku ile nami ninazo za hivyo, nimezipiga rangi nyekundu nisizichanganye na nyingine.

Kabla hujavisha soketi, safisha kichwa. Brashi ya waya, na maji baridi ya bomba kama kuna chumvi kavu. Rangi na chumvi zikijaa pembeni, soketi sahihi haitashuka, utadhani ni nambari kubwa zaidi inayotakiwa. Hapo ndipo watu wanapochukua 11 kwa kichwa cha 10.

Nambari sasa, maana hapa ndipo fujo ilipo. Nambari ya soketi ni upana wa kichwa kutoka ubavu hadi ubavu, si unene wa bolti. Mjapani ana familia yake: 8, 10, 12, 14, 17, 19. Bolti ya unene wa milimita 8 kwa Mjapani mara nyingi ina kichwa cha 12. Bolti hiyohiyo ukiinunua duka la vifaa vya ujenzi itakuja na kichwa cha 13. Ya milimita 10 kwa Mjapani ni 14, dukani utapata 16 au 17 kutegemea imefuata kanuni gani. Kwa hiyo mashine ya Kijapani ukikuta inakubali 13, jua kuna fundi aliyepita kabla yako na bolti ya dukani. Wala usiilazimishe 13 juu ya 12 kwa sababu "inaingia". Inaingia, lakini haishiki.

Inchi nazo zipo, kwenye mashine za zamani za Kimarekani. Baadhi zinakubaliana na milimita: 5/16 ni 7.94, kwa hiyo 8 inafaa. 5/8 ni 15.88, karibu 16. 3/4 ni 19.05, unaweza kutumia 19 bila wasiwasi. Nyingine ni mtego. Nusu inchi ni 12.7, na 13 itavaa juu yake ikiwa na uwazi wa kutosha kuila. 9/16 ni 14.29, na 14 haitaingia, ndipo mtu anapoleta 15. Ukiwa na shaka, venia kalipa (kifaa cha kupimia upana) ya bei ndogo itakwambia ukweli kwa sekunde tano.

Nimeandika mengi. Karibuni wenye maswali na wenye kupinga.

#2 Karakana ya Barabarani (Malindi)

Salaam fundi. Umeandika vizuri ila nitakupinga kidogo. Mimi niko kwenye Probox na tuktuk zaidi ya miaka kumi, sanduku langu ni la pembe kumi na mbili tangu siku ya kwanza na sijawahi kuona balaa hilo. Halafu kuna bolti ambazo hiyo sita yako haiingii hata ukiiombea dua. Boliti za silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) za Toyota, mbona husemi?

#3 Chumvi na Chuma

Kaka, karibu sana, na uko sahihi kwa hilo la pili. Nilikuwa naliacha nikihofia urefu.

Kwa la kwanza: gari linalolala Malindi mjini na mashine inayokaa majini Pate si wagonjwa wamoja. Bolti zako zina oili juu yake, zangu zina chumvi. Kwenye bolti safi yenye pembe kamili, soketi nzuri ya kumi na mbili itakufanyia kazi miaka, sibishi. Ila jaribu siku moja kwenye egzosi, pale kutu inapokuwa nyingi, utumie ya sita uone mkono wako unavyosikia tofauti.

Sasa hedi. Injini ya 1NZ ya Probox, boliti za hedi zina tundu kichwani, na tundu lile lina pembe kumi na mbili. Linataka biti (ncha ya kuingia tunduni) yake ya pembe kumi na mbili. Kuna watu wanatia aleni ya pembe sita ya kipimo kilekile na inaingia, maana tundu lile ni kama pembe sita mbili zilizopandana. Kwenye kulegeza boliti zilizokazwa vile, utakuwa umeweka mzigo wote kwenye nusu ya pembe. Tundu likilika pale, hedi imekaa juu ya bloku na huna pa kwenda.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye Volkswagen na jamaa zake wa Kijerumani. Nao wana tundu la ncha kumi na mbili, lakini si lile la Toyota. Ncha zake ni kali za nyuzi 90, kama miraba mitatu imepandishwa mmoja juu ya mwingine. Biti yake inaitwa XZN. Ukitazama haraka utadhani ni toksi, na ukigonga toksi kwa nyundo itaingia kweli. Ukizungusha, umemaliza tundu. Kanuni yangu kwa vichwa vya tundu ni kusafisha kwanza kwa msumari au sindano mpaka nione sakafu ya tundu, nihesabu ncha, ndipo nichague biti. Sita zilizonyooka ni aleni. Sita za mviringo kama ua ni toksi. Kumi na mbili, tulia, tazama tena.

(Najua mafundi wengi hapa wanaiita toksi "nyota", lakini nyota kwetu ni bisibisi ya msalaba pia, na nimeshaona mtoto akitumwa nyota akaleta nyingine. Tuiite toksi.)

Toksi yenyewe ina sura mbili. Yenye tundu inaandikwa T: T25, T30, T40. Yenye kichwa cha nje kama ua inaandikwa E, na inataka soketi ya E. Watu wanavisha soketi ya pembe kumi na mbili juu ya kichwa cha E, na kwa bolti iliyolegea itazunguka. Kwa iliyokaza itakuharibia.

#4 Karakana ya Barabarani

Hapo kwenye XZN umenikumbusha Golf moja niliyokaa nayo wiki nzima. Nimekubali. Na mimi niongeze la kwangu kwa vijana: msitie soketi nyeupe zinazong'aa kwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati. Mwaka jana soketi yangu ya 21 ilipasuka katikati nikifungua nati za gurudumu, kipande kikapita karibu na jicho la msaidizi wangu. Kikagonga ukuta wa mabati nyuma yake, tundu lipo mpaka leo.

#5 Chumvi na Chuma

Alhamdulillah jicho limesalimika. Asante kwa kulileta, ningelisahau.

Wadau, soketi nyeupe za kromu ni ngumu na nyembamba. Ugumu unafaa kwa mkono. Mshindo wa mashine ya upepo unaupasua ugumu ule kama unavyopasua sahani. Soketi nyeusi zimetengenezwa kwa chuma kinachovumilia mshindo, ukuta wake ni mnene, na nyingi zina tundu pembeni la kutia pini na pete ya mpira isiruke kutoka kwenye mashine. Nyeusi unaweza kutumia kwa mkono wakati wowote. Nyeupe usiitie mashineni hata mara moja.

Na nati za gurudumu, Toyota ndogo nyingi ni 21, Honda ni 19. Ukikuta 21 haiingii wala 22 haikazi, tazama kama nati ina kofia ya bati jembamba juu ya nati yenyewe. Kutu inaingia kati ya kofia na nati, inaifurisha. Hakuna soketi ya nati hiyo. Ivue ile kofia kwa patasi, chini yake utakuta kipimo kidogo zaidi kilicho salama, na siku hiyohiyo ununue nati nzima za chuma kimoja.

#6 Jahazi Kuukuu (Matondoni)

Mwanangu, nimesomewa maneno yako na mjukuu na nimeyapenda. Mimi nina injini ya dizeli ya Kiingereza, ya zamani, ilikuwa ikisaga unga kabla haijatiwa kwenye chombo. Hakuna soketi ya milimita inayokaa vizuri, wala ya inchi. Nina spana mbili za asili, moja imeandikwa 3/8 W. Mjukuu amepima kile kichwa anasema ni milimita 18. Thumuni tatu za inchi haziwezi kuwa milimita 18. Spana imekosewa au sisi?

#7 Chumvi na Chuma

Shikamoo mzee wangu. Hamjakosea nyinyi wala spana. Mmeshika mali.

Hiyo W ni Whitworth, jina la Mwingereza aliyepanga kanuni ya hesi (zile njia za mzunguko za bolti) mwaka 1841, ya kwanza kukubaliwa nchi nzima huko kwao. Katika kanuni yake, nambari iliyoandikwa kwenye spana ni unene wa bolti, si upana wa kichwa. Spana ya 3/8 W inafungua kichwa cha bolti yenye unene wa 3/8, na kichwa hicho kina upana wa inchi 0.71, ambayo ni milimita 18.03. Kwa hiyo mjukuu wako amepima sawasawa kabisa, mpe pongezi.

Nusu inchi ya Whitworth kichwa chake ni kama 23.4, na hapo hakuna soketi ya milimita itakayokufaa: 23 haiingii na 24 inacheza. Robo ni kama 13.3, vilevile haina ndugu. Ile ya 3/8 ndiyo bahati yako, soketi ya 18 ya pembe sita itakaa. Na mzee, nakuomba, bolti ikikatika usiibadilishe kwa bolti ya milimita iliyokaribiana. Itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itakula hesi za bloku. Hesi za Whitworth zimekatwa kwa pembe ya nyuzi 55, hizi za leo ni nyuzi 60, haziwezi kuoana. Ukija mjini leta ile iliyokatika, tutaichonga kwa fundi wa lathe.

#8 Jahazi Kuukuu

Marahaba mwanangu. Basi miaka yote nimekuwa nikigombana na spana isiyo na kosa. Nitakuja Ijumaa.

#9 Mpya wa Spana (Mokowe)

Fundi mimi ndio naanza, niko kwenye pikipiki na nataka kuingia kwenye mashine za boti. Pesa ni kidogo. Sanduku la vipande mia na kitu linauzwa bei sawa na soketi kama kumi za maana. Ninunue lipi?

#10 Chumvi na Chuma

Mdogo wangu, nunua zile kumi.

Kwa pikipiki na mashine za Kijapani utaishi kwa 8, 10, 12, 14 na 17, zote pembe sita. 10 na 12 nunua fupi na ndefu, kwa sababu ndefu inapita juu ya hesi ya stadi (bolti isiyo na kichwa) inayotokeza na kuifikia nati. Ongeza 19 ukipata. Plagi zina soketi zake zenye mpira ndani: plagi kubwa za mashine za boti kama B7HS ni 21, plagi ya D8EA ya pikipiki za CG125 ni 18, na nyingine nyingi za siku hizi ni 16. Usifungue plagi kwa soketi ndefu ya kawaida isiyo na mpira, ukiinamisha kidogo kauri inapasuka na huioni mpaka mashine igome ukiwa katikati ya mkondo wa Mkanda na maji yanapwa.

Upande wa mkono, anza na racheti ya 3/8. Ile ya nusu inchi ni ya gurudumu na bolti kubwa. Kijana wa Kizingitini alitumia mkono wa nusu inchi kwenye bolti ya unene wa milimita 6, na huo ndio uliomalizia. Mkono mrefu haukwambii bolti inapoanza kulia. Kitabu cha Yamaha kinataka bolti ya kichwa 10 ikazwe kwa Nm 8 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ya 12 kwa 18, ya 14 kwa 36, ya 17 kwa 43, pale ambapo hawakuandika kipimo maalumu. Nane ni kidogo mno. Ni nguvu ya kifundo cha mkono, bega halihusiki. Siku ukipata pesa nunua spana ya kupima nguvu, lakini hata kabla hujaipata, shika racheti karibu na kichwa chake unapokaza bolti ndogo.

Na bisibisi pia, kwa kuwa uko kwenye vyombo vya Kijapani. Skrubu zao nyingi za msalaba zina kitone kidogo kichwani. Hizo ni za kanuni ya Kijapani, JIS, na bisibisi ya msalaba ya kawaida haifiki chini ya tundu, inapanda juu na kulichonga. Bisibisi ya JIS inakaa mpaka chini. Mafundi wanalaumu skrubu kuwa laini, kumbe ni ncha ya bisibisi.

#11 Dada wa Shela

Assalam alaykum. Nina boti ya kubeba wageni, mashine ya Kijapani. Fundi alikuja kubadilisha impela (feni ya mpira) ya pampu ya maji, akafungua bolti za mguu wa mashine zote ila moja. Hiyo moja ameizungusha mpaka kichwa kimekuwa duara, akaondoka akisema atarudi na grenda akate. Nimepima kwa kalipa ya mume wangu, ni 11.6 pale palipobaki bapa. Nifanye nini? Wageni wanakuja Jumamosi.

#12 Chumvi na Chuma

Waalaykum salaam dada yangu. Kwanza mwambie asije na grenda. Ukikata kichwa, shina litabaki limeganda ndani ya alumini na kazi itakuwa kubwa mara nne.

Kichwa hicho kilikuwa 12. Kimebaki 11.6, na chenyewe kimelika pembe, kwa hiyo 12 yoyote utakayoleta sasa itazunguka. Dawa ni kushuka. 11 ni ndogo mno kuigonga hivihivi, lakini soketi ya inchi ya 7/16 ni milimita 11.11. Chukua tupa nyembamba, piga ubavu mmoja kisha ubavu wa upande wake wa pili, taratibu, mpaka kalipa isome 11.2. Fanya hivyo kwa jozi zote tatu za mbavu. Halafu igonge ile soketi ya 7/16 kwa nyundo, ya pembe sita, mpaka ikae chini. Iwe soketi usiyoihurumia, maana huenda isitoke kichwani tena.

Ila usizungushe bado. Tangu leo nyunyiza mafuta ya kupenya asubuhi na jioni, siku mbili, na kila ukinyunyiza gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, kama unagonga mlango wa jirani. Mshindo ndio unaovunja ule unga mweupe ulioshika kati ya bolti na alumini. Unga ule ndio adui: bolti ya stenlesi na alumini vikikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga wake unachukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, unabana bolti kama kabari.

Ikikataa, moto. Toa tangi la petroli na mpira wake, ziwe mbali kabisa, na hewa ipite. Pasha alumini inayozunguka bolti, usipashe bolti. Alumini inatanuka kuliko chuma, kwa hiyo tundu linafunguka kidogo. Tumia moto wa kuondoka na kurudi, rangi ikianza kubadilika simama. Kisha jaribu kukaza kidogo kwanza, nyuzi chache tu, ndipo ulegeze. Nenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, ukiongeza mafuta. Ukisikia inanata kama mpira, simama, hiyo inataka kukatika. Ukisikia mlio mkavu, hiyo imekubali.

Kama kuna mtu wa kukusaidia kushika mashine isicheze, itakuwa bora zaidi.

#13 Karakana ya Barabarani

Dada, niongeze: kwenye kugonga soketi, vaa miwani. Na zipo soketi maalumu za kutolea vichwa vilivyolika, ndani zina meno ya mzunguko yanayozidi kuuma ukilegeza. Hapa Malindi zinapatikana. Ninaweza kumpa dereva wa basi la Mokowe ikikwama kabisa.

#14 Dada wa Shela

Ahsanteni sana ndugu zangu. Nitaanza leo, naona aibu kusema hata tupa sijawahi kushika lakini nitashika.

#15 Jahazi Kuukuu

Usione aibu mwanangu. Polepole na tupa, usisukume wakati unarudi nyuma.

#16 Dada wa Shela

Imetoka!

Nimefuata kila kitu. Jana jioni ilikataa kabisa. Leo asubuhi mume wangu amepasha kwa tochi ya gesi kama dakika mbili, akazungusha, ikalia "ta!" mpaka paka akakimbia kutoka barazani. Tukaenda mbele na nyuma karibu nusu saa. Hesi za bolti zimejaa unga mweupe mtupu. Soketi imebaki imeng'ang'ania kichwani, nimeziweka zote mbili kwenye kopo. Sasa nitie bolti gani? Duka la karibu lina za stenlesi, zimeandikwa A2-70 na nyingine A4-70. Na kichwa ni 13.

#17 Chumvi na Chuma

Mashallah. Mpe mumeo salamu zangu.

Ukipata ya kiwandani yenye kichwa cha 12, ndiyo bora. Ukikosa, chukua A4. A2 inafaa jikoni na nje ya nyumba, ila maji ya bahari yanaitoboa taratibu. A4 ina molibdenamu inayoisaidia kwenye chumvi. Kichwa cha 13 si kosa, lakini andika ndani ya kofia ya mashine kwa kalamu ya wino usiofutika, "mguu, bolti moja 13", fundi atakayefuata asiivishe 12 akagonga. Urefu uwe sawasawa na uliotoka, upime kutoka chini ya kichwa hadi ncha. Ikizidi itagota chini ya tundu, utadhani imekaza kumbe mguu haujabanwa.

Tundu lisafishe kwa tapu ya milimita 8, hatua ya 1.25 (umbali wa hesi hadi hesi), kwa mkono, bila kulazimisha. Pulizia maji baridi ya bomba, likauke. Paka hesi zote za bolti grisi ya baharini isiyoyeyuka kwenye maji, na chini ya kichwa pia. Zile bolti nyingine alizozifungua fundi zitoe uzipake vilevile, usiache hata moja kavu. Kaza zote kwa zamu, mkono tu kwanza, kisha Nm 18.

Kabla hujafunga, piga picha ya ndani ya tundu kwa tochi ya simu uitume hapa. Nataka nione kama hesi mbili za mwanzo zimesalimika, maana pale ndipo chumvi huanza kula.